Nani Hukagua Zahanati ya Serikali?

Watu wa rika langu, tuliokulia mwambao wa Tanga, tulizitambua hospitali kwa wenyewe. Bombo ilikuwa ya Serikali, juu ya genge linalotazama bahari, pamoja na lile jengo la Wajerumani, Cliff Block, ambalo baadaye liliachwa likachakaa. Muheza ilikuwa ya Waanglikana, na asili yake ni Magila, ambako wamisionari wa UMCA walitia mguu karne ya 19. Serikali haikujenga hospitali yake ya wilaya pale, bali iliiteua hiyo ya kanisa, na jina la Teule likaganda. Bumbuli ilikuwa ya Walutheri. Mashamba ya katani nayo yalikuwa na zahanati zake kwa ajili ya manamba na jamaa zao. Mtu akiugua, nyumbani waliulizana apelekwe kwa nani. Kama huyo anayepelekewa mgonjwa amekaguliwa, na amekaguliwa na nani, halikuwa swali la mtu yeyote, na wazazi wetu hawana lawama katika hilo, maana hata sheria ya nchi haikuuliza hivyo.

Sheria iliuliza habari ya mwenye mali. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, ilitungwa Sheria ya Kusimamia Hospitali Binafsi, na kiini chake kilikuwa kwamba tiba isiwe biashara. Mashirika yaliyokubaliwa, ya dini hasa, yaliruhusiwa kuendelea. Daktari aliyetaka kufungua chumba chake atibu kwa faida alifungiwa njia. Siidharau fikra hiyo. Nchi ilikuwa inajaribu kufikisha zahanati vijijini, kwa watu ambao mfanyabiashara wa tiba asingewafuata kamwe, na waganga wasaidizi wa vijijini waliofunzwa enzi zile waliokoa maisha mengi kwa vifaa vichache. Ila ndani ya fikra ile palikuwa na dhana ambayo haikusemwa wazi: kwamba ukishajua mwenye hospitali ni nani, umeshajua na ubora wake. Cha Serikali kilihesabiwa chema kwa kuwa ni cha Serikali, na cha mtu binafsi kilitiliwa shaka kabla mlango haujafunguliwa. Hoja yangu ni kwamba dhana hiyo haijaondoka hadi leo. Sheria zimebadilika mara nyingi, lakini mzizi ule umebaki, na ndio unaokwaza usimamizi wa hospitali zetu kuliko uhaba wa kanuni.

Mwaka 1991 sheria ile ilirekebishwa, na mtaalamu mwenye sifa akaweza kumiliki hospitali kwa kibali cha Wizara. Miaka miwili baadaye uchangiaji wa gharama za tiba ukaanza katika hospitali za Serikali, na tiba ya bure tuliyoizoea ikawa historia. Sura ya mji ilibadilika haraka. Katika barabara zile za Ngamiani zinazoitwa kwa namba, na hata Chumbageni, mabao ya kliniki na maabara yalianza kuonekana juu ya milango iliyokuwa ya maduka. Ndipo sheria ilipojifunza kuuliza maswali ya aina nyingine: mganga mfawidhi ana sifa gani, vyumba vina ukubwa gani, maji yapo, choo kipo, taka zenye damu zinateketezwa wapi. Maabara binafsi zikapata sheria yake mwaka 1997. Dawa na chakula vikapata TFDA kwa sheria ya 2003, mamlaka ambayo mwaka 2019 iligeuzwa TMDA, chakula na vipodozi vikahamia Shirika la Viwango, TBS. Tiba asili ikapata baraza lake kwa sheria ya 2002, wauguzi wakapata sheria mpya 2010, wafamasia 2011, madaktari 2017. Mwenye kliniki ndogo Tanga leo anaweza kujaza ukuta mzima wa mapokezi kwa vyeti, na kila kimoja kina ada yake na tarehe yake ya kuisha.

Sasa vuka barabara uingie zahanati ya Serikali. Sheria ya hospitali binafsi haiigusi. Imeanzishwa kwa uamuzi wa kijiji, halmashauri na Wizara, na anayeisimamia ni mganga mkuu wa wilaya pamoja na timu yake ya afya. Timu hiyohiyo ndiyo inayokwenda kukagua kliniki binafsi na kutoa taarifa inayoweza kuifunga. Kwa maneno mengine, ofisi moja ni mwenye duka na ni mkaguzi wa maduka ya wenzake. Sisemi kwamba maofisa hao ni watu wabaya. Wengi wao hufanya kazi katika mazingira magumu, na magari yasiyokuwa na mafuta. Nasema hakuna binadamu anayeweza kujikagua mwenyewe kwa ukali uleule anaomkagulia jirani, na sheria nzuri haimwombi mtu afanye hivyo.

Wapo wanaoona tofauti hii ni ya haki. Binafsi anatafuta faida, wanasema, kwa hiyo anashawishika kupunguza gharama kwa mgonjwa, wakati Serikali haina sababu ya kufanya hivyo. Kuna ukweli hapo, lakini madhara hospitalini hayatoki kwenye tamaa peke yake. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, huku kwetu. Watafiti walichukua damu ya wagonjwa waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, wakaipima upya kwa uangalifu. Kati ya wagonjwa 4,474 waliopimwa, wenye vimelea vya malaria walikuwa 2,062, yaani chini ya nusu. Waliokuwa hawana vimelea walikufa kwa kiwango cha asilimia 12, na wenye malaria kweli kwa asilimia 7, na wengi wa wale wa kwanza hawakupewa dawa ya kuua bakteria ingawa dalili zao ziliihitaji. Hizo hazikuwa kliniki za uchochoroni. Zilikuwa hospitali zinazotambulika, zenye madaktari waliosomeshwa. Utafiti mwingine wa eneo hilihili, uliotoka 2007, ulionyesha kwamba hata kipimo cha haraka cha malaria kilipoletwa, zaidi ya nusu ya waliopatikana hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria vilevile. Faida haikuwa na nafasi katika kosa hilo. Lilitokana na mazoea, ya hospitali na ya wagonjwa pia, maana kwenye mwambao wetu homa na malaria vilikuwa kitu kimoja. Hakuna cheti cha ukutani kinachoweza kugundua kosa la namna hiyo. Hugunduliwa na mtu anayefungua rejesta, akalinganisha jibu la maabara na dawa iliyoandikwa, kisha akarudi baada ya miezi mitatu kuona kama mambo yamebadilika.

Jaribio la kwanza la kweli la kupima hivyo, kwa wote na kwa kipimo kimoja, lilikuja na mpango wa Serikali wa Matokeo Makubwa Sasa. Mwaka 2015/16 Wizara ilituma wapimaji katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya wilaya nchi nzima, karibu vituo 7,000, vya Serikali, vya dini na vya watu binafsi, na kila kimoja kikapewa nyota kuanzia sifuri hadi tano. Matokeo yalikuwa mabaya kiasi kwamba naistahi Wizara kwa kuyatoa hadharani. Karibu theluthi moja ya vituo havikupata hata nyota moja, na vilivyofika nyota tatu au zaidi vilikuwa kama asilimia 2, ilhali lengo lilikuwa asilimia 80 kufikia 2018. Vilipopimwa tena 2017/18, vyenye sifuri vilikuwa vimeshuka hadi karibu asilimia 4, na vya nyota tatu na kuendelea vimepanda hadi karibu asilimia 20. Lengo halikufikiwa, wala halikukaribiwa. Hata hivyo, kwa miaka miwili hiyo ni mwendo ambao miaka arobaini ya kuuliza habari ya mwenye mali haikuwahi kuuleta.

Atakayesema nyota zilipanda kwa kuwa watu walijifunza namna ya kufaulu mtihani, simpingi moja kwa moja. Sehemu ya ongezeko lile bila shaka ni mafaili yaliyopangwa vizuri na mabango yaliyobandikwa siku ya wageni. Lakini tukumbuke kilichofuatana na nyota. Kila kituo kiliachiwa mpango wa kurekebisha kasoro zake, na kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zikaanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo badala ya kupitia halmashauri na kukwama huko. Mganga mfawidhi aliyeambiwa hana kichomea taka sasa alikuwa walau na mahali pa kuanzia kukijenga. Somo hilo, kwamba ukaguzi hufaa ukifuatana na msaada, tulikwisha kuliona kwenye maduka ya dawa. Duka la dawa baridi la zamani lilikatazwa kuuza dawa nyingi za cheti, likaziuza chini ya meza, na wakaguzi wakacheza nalo mchezo wa paka na panya kwa miongo. Ilipojaribiwa njia ya Duka la Dawa Muhimu, Ruvuma mwaka 2003, kisha ikasambazwa mikoa mingine, muuzaji alifunzwa, akaruhusiwa kihalali kuuza baadhi ya dawa alizokuwa akizificha, na kwa malipo ya hayo akakubali kumbukumbu na ukaguzi. Palipokuwa na katazo tupu, kanuni ilivunjwa, na ilipokuja na mafunzo na haki mpya, watu wengi waliifuata. Tanga yenyewe ina kisa cha zamani zaidi cha kushirikiana badala ya kukataza, maana mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Bombo walianza kufanya kazi na waganga wa jadi katika kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, kundi lililokuja kujulikana kama TAWG, miaka kumi na zaidi kabla ya sheria ya tiba asili.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mwananchi wa kijijini. Zahanati ya Serikali ikipata sifuri utaifunga? Ukiifunga, mama mjamzito wa ndani ya Mkinga au Pangani aende wapi, kwa nauli ya nani? Pingamizi hilo ni la haki, na ndilo lililofanya sifuri za Serikali ziwe jambo la kusikitikiwa tu, huku kliniki binafsi yenye kasoro zilezile ikitiwa kufuli. Lakini linachukulia kwamba adhabu ni kufunga tu. Mkaguzi anaweza kusimamisha huduma moja, upasuaji kwa mfano, mpaka umeme wa akiba upatikane, na wagonjwa wa nje wakaendelea kuhudumiwa. Anaweza kutoa muda maalumu. La maana zaidi, anaweza kumwelekezea deni anayestahili. Nesi mmoja anayezalisha, anayechanja na kujaza vitabu vya kumbukumbu vya MTUHA usiku hawezi kulaumiwa kwa kukosa maji. Halmashauri inaweza. Kwa kliniki binafsi sheria inamjua mwenye kulaumiwa kwa jina. Kwa zahanati ya Serikali lawama hupita kwa mfawidhi, ikaenda wilayani, mkoani, TAMISEMI na Wizarani, na kote huko haipati wa kuipokea.

Na hao manesi wana pingamizi lao, ambalo wapenda viwango huwa hatulisikii: kila mkaguzi anakuja na fomu yake. Hapo nakubali bila masharti. Hospitali kubwa ya mjini inaweza kuajiri ofisa wa ubora na kutafuta ithibati ya Marekani, kama Aga Khan ya Dar es Salaam ilivyofanya. Zahanati ya watumishi wawili haiwezi, na haina haja. Afadhali vipimwe vitu vichache vinavyoua, yaani mikono na maji, damu, sindano, uzazi, dawa iliyotolewa dhidi ya jibu la kipimo, kuliko kurasa mia za maswali.

Kinachonifanya niandike sasa ni bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliotungiwa sheria 1999 na kuanza kazi 2001, ulivipokea vituo vya Serikali kwa sababu ni vya Serikali, na vya binafsi kwa maombi na uchunguzi. Machi 2024 tuliona nguvu ya mkataba kati ya mfuko na vituo kwa upande mmoja, pale hospitali binafsi kadhaa ziliposimamisha huduma kwa wanachama kwa sababu ya kitita kipya cha bei. Upande wa pili, yaani mfuko kukataa kulipia huduma mbovu ya kituo cha umma, sijauona ukijadiliwa. Sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inataka kila mkazi awe na kadi. Mvuvi wa Moa atakayeilipia atakuwa amenunua kitu, na muuzaji wake mkubwa ni Serikali. Kazi ya kukagua ikitolewa kwa chombo kisichomiliki hospitali yoyote, ripoti yake ikasomwa na mfuko kabla ya kulipa, na nyota za kila kituo zikabandikwa mlangoni pamoja na tarehe ya kupimwa tena na cheo cha ofisa wa halmashauri anayepaswa kuziongeza, hakuna zahanati itakayohitaji kufungwa Pangani. Chombo hicho kinahitaji kifungu cha sheria na bajeti ya safari. Mlango unahitaji karatasi na gundi, na kazi hiyo ya mwisho halmashauri yoyote inaweza kuianza bila kusubiri Bunge.