Tikiti la Mbeere na Subira ya Mwenye Shamba

Sisi watu wa Pwani tunazijua Meru na Embu kwa majani. Ikitajwa Meru hukumbukwa miraa. Ikitajwa Embu hukumbukwa muguka. Mwezi wa Mei 2024, serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, jina la Embu lilipita vinywani mwetu kwa uchungu. Uchungu huo una sababu zake, nasi hatuukanushi. Lakini safari hufunza, na tulipozuru nchi hizo pamoja na walimu wenzetu tulikutana na tunda ambalo nyumba zetu huliandaa kwa futari bila ya kuuliza ni nani aliyelilima.

Mji wa Embu umeketi miguuni mwa Mlima Kenya, katika baridi ya chai na kahawa. Ukiupa mlima mgongo ukashuka kuelekea Siakago, Kiritiri na Ishiara, joto hupanda na mvua huwa haba. Hiyo ndiyo Mbeere, nchi ya pojo, maembe na matikiti. Upande wa Meru nako, barabara ya kutoka Nkubu huteremka hadi Mitunguu, ambako mashamba hustawi kwa maji ya kumwagilia. Mito ya huko, Thuchi na Mutonga miongoni mwayo, humiminika katika Tana, na Tana hupita Garsen ikaishia baharini Kipini. Basi hatuko mbali kama tunavyodhani.

Mzee mmoja mwenye shamba huko Mbeere alitukaribisha kivulini, akatutazama tukichagua, kisha akacheka kwa adabu. "Masheikh, mnalipiga tikiti makofi kama mlango wa jirani," alisema. "Ligeuzeni kwanza."

Upande uliolalia ardhi huwa na baka. Likiwa jeupe au la kijani hafifu, tunda ni changa. Likiwa la manjano kama samli, limekomaa. Penye shina, kile kijiuzi kilichojisokota karibu na kikonyo huwa kimekauka. Ganda huwa limepoteza mng'aro, na tunda ni zito kuliko umbo lake. Mlio ni shahidi wa mwisho: mzito wa ndani ni wa lililoiva, na mkali kama wa bati ni wa changa.

Jambo kubwa zaidi ni hili: tikiti maji likishakatwa shambani haliongezi utamu. Ndizi na embe huivia ndani ya nyumba. Tikiti maji haliivi hata likifunikwa wiki nzima. Lile tikiti dogo la harufu, lenye ganda la wavu na nyama ya rangi ya chungwa, hulainika na kunukia likiwekwa siku mbili tatu, lakini sukari yake nayo huwa imekwisha kutiwa na mmea. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Kwa tikiti, wa kuvumilia ni mkulima.

Na hapo ndipo penye mtihani. "Muguka hunipa pesa mara kwa mara," mzee alituambia, "tikiti hunidai karibu miezi mitatu. Dalali akija na lori zikiwa zimebaki siku kumi, na karo ya mtoto inangoja, nifanyeje?" Hatukuwa na jibu jepesi. Tulikumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza matunda kuuzwa kabla ya kudhihiri kukomaa kwake, akamkataza muuzaji na mnunuzi pia. Katazo hilo linatugusa sisi wanunuzi, maana tunapotaka rahisi na ya mapema tunamsukuma mkulima akate kichanga, au arudi kwenye jani tunalolilalamikia. Anayechukia muguka na amlipe vizuri mwenye tikiti lililoiva.

Likifika nyumbani, lioshwe ganda zima kwa maji safi kabla ya kutiwa kisu, kwani kisu hubeba uchafu wa nje kuuingiza ndani. Yakatwe mabapa ya juu na chini ili tunda lisimame imara, kisha ligawanywe. Vipande visikae kwenye joto zaidi ya saa mbili. Vifunikwe, viwekwe kwenye friji, na viliwe ndani ya siku tatu. Kokwa zikaangwe kwa chumvi, na ile nyama nyeupe ya ganda hufaa kwa achari. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume alikula tikiti pamoja na tende mbivu, baridi ya moja ikipoza joto la nyingine.

Tunapolipasua, tumkumbuke kwa dua yule aliyengoja siku kumi za mwisho. Mwenyezi Mungu ambariki katika shamba lake, nasi atubariki katika sahani zetu. Amin.