Punda Afe, Mzigo Ufike?

Ndugu msomaji, methali husema, "Punda afe, mzigo ufike." Watu huitumia kumsifu mtu asiyekata tamaa. Lakini sisi tunaoishi na punda kila siku hatuna budi kujiuliza. Punda akifa njiani, mzigo utafikaje?

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya vijijini. Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 nilisafiri kwa miguu kutoka kitongoji kimoja cha Issuna, pamoja na mzee mmoja wa darasa letu na mjukuu wake. Mzee alikuwa anapeleka alizeti kwa mnunuzi. Lori la mnunuzi lingeondoka saa 10 jioni. Fedha hizo zilitakiwa kununua sare na madaftari ya wajukuu.

Tulikuwa na punda wawili. Kila mmoja alibeba viroba viwili vya kilo 25, yaani kilo 50. Mzee hakukubali kuongeza. Alisema, "Mwalimu, mzigo usizidi theluthi ya uzito wa punda." Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 150 hivi. Piga hesabu mwenyewe uone.

Tuliondoka saa 11 alfajiri. Mwezi huo ardhi ya Singida huwa imekauka kabisa. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, nazo huanza Novemba au Desemba. Ilipofika saa 4 asubuhi jua lilikuwa kali na mchanga unachoma miguu. Tulitegemea kisima cha njiani. Tulikikuta kikavu.

Saa 6 mchana punda jike, aliyekuwa mzee kuliko mwenzake, alisimama. Masikio yalilala. Alihema kwa haraka. Kijana aliinua fimbo.

"Weka chini," mzee alimwambia.

"Babu, lori litatuacha!"

"Litatuacha. Shusha mizigo."

Tuliwashusha punda mizigo chini ya mkwaju. Mzee alimfungua jike mdomo, akabonyeza ufizi kwa kidole, akauachia. Ufizi wa mnyama mwenye afya hurudia rangi yake kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Ule ulichelewa. Kisha mzee akaweka sikio nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, mahali moyo unaposikika. Mimi nilishika saa. Kwa sekunde 15 alihesabu mapigo 20. Mara nne ni 80 kwa dakika. Aliandika hesabu hiyo katika daftari lake la kisomo. Mapigo ya punda aliyetulia ni kama 40 hadi 50.

Tulikuwa na dumu moja la maji ya kunywa, lita 10. Hayo yalikuwa maji yetu watu watatu. Mzee alitutilia kikombe kimoja kimoja, akajitilia na yeye. Yaliyobaki aliyamimina kwenye karai, akawapa punda kidogo kidogo, jike kwanza.

Tulipokuwa tukingoja nilimweleza mzee habari za mashindano ya farasi ya safari ndefu. Katika jimbo la California, Marekani, yako mashindano yaliyoanza mwaka 1955. Farasi na mpandaji huenda kilomita 160 hivi, milimani na kwenye joto, kwa muda usiozidi saa 24. Katika mashindano ya namna hiyo wapo vituo vya ukaguzi njiani. Daktari wa mifugo hupima mapigo ya moyo, hutazama ufizi, na huangalia kama farasi anachechemea. Mnyama asiye mzima huondolewa, hata kama alikuwa anaongoza.

Mzee alicheka. "Kumbe na huko humsubiri mnyama! Lakini wao wanashindania nini?"

"Heshima, mzee."

"Mimi nashindania maji ya nyumbani," alijibu.

Huku kwetu farasi ni wachache. Yapo maradhi yanayoenezwa na visubi ambayo humuua farasi upesi, lakini punda huyastahimili. Tena asili ya punda ni nchi kame za Afrika. Anavumilia kiu. Uvumilivu huo ndio unaotudanganya. Punda halalamiki, nasi hudhani hachoki.

Saa 9 alasiri mzee alihesabu tena. Mapigo 12 kwa sekunde 15, yaani 48 kwa dakika. Jike alikuwa ameanza kutafuna majani. Tukagawa upya mizigo. Punda wa pili alibeba viroba vyake viwili, jike alibeba kimoja, na kijana akabeba kimoja kichwani. Tulifika saa 12 jioni. Lori lilikuwa limekwenda.

Alizeti iliuzwa wiki iliyofuata, kwa bei pungufu ya shilingi 50 kwa kilo. Kwa kilo 100 mzee alipoteza shilingi 5,000. Kijana alinung'unika. Lakini bei ya punda ni mara nyingi zaidi ya hiyo, na punda yule ndiye anayeleta maji nyumbani na kupeleka samadi shambani. Msimu uliofuata nilimkuta bado kazini.

Ndugu msomaji, siku hizi punda anahitaji kulindwa kuliko zamani. Ngozi yake hutafutwa ng'ambo kwa kutengenezea dawa za Kichina. Mwezi wa Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Tena Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama. Lakini sheria haitembei nasi porini. Porini yupo mwenye punda, na fimbo iko mkononi mwake.

Maswali ya kujadili darasani

1. Madumu manne ya lita 20 yana uzito gani? Je, punda wa kilo 150 abebeshwe yote?

2. Punda akiwa na mapigo 18 kwa sekunde 15, ni mapigo mangapi kwa dakika? Utafanya nini?

3. Ungekuwa wewe, ungelikimbilia lori? Toa sababu.