Tongoni: mji uliobakiwa na msikiti na makaburi

Baada ya Swala ya Alfajiri tulitoka Tanga mjini, tukashika njia iendayo Pangani. Mwendo wa kilomita zipatazo 17 kuelekea kusini ulitufikisha Tongoni, kijiji kidogo kilicho kando ya ghuba. Jina lenyewe ni historia tosha, kwani tongo ni mahali palipohamwa, palipokuwa na watu pakabaki magofu.

Tulianza kwa kuwatolea salamu watu wa makaburini, kama alivyotufundisha Mtume wetu (S.A.W.). Makaburi hayo yanazidi 40, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na baadhi yana nguzo ndefu. Nguzo nyingi zimeanguka, zimelala majanini vipande vipande. Katika nguzo na kuta zake bado yanaonekana mashimo ya mviringo yaliyokuwa na bakuli za kauri kutoka China. Bakuli zenyewe zimekwisha kuondolewa. Pembeni upo msikiti usio na paa, ambao kibla chake kingali kinatambulika. Hatukusoma jina hata moja la marehemu.

Mji huu ulistawi katika karne ya 14 na ya 15, na pwani hii ilijulikana kwa jina la Mtang'ata. Mwezi wa Aprili 1498, São Rafael, mojawapo ya meli za Vasco da Gama, ilikwama katika mafungu ya bahari mkabala na pwani hiyo. Wenyeji waliifuata kwa mitumbwi, wakiwa na machungwa ambayo Mreno mmoja aliyasifu katika kumbukumbu za safari kuwa bora kuliko ya kwao. Mwezi wa Januari 1499, wakiwa njiani kurejea Ulaya, mabaharia walikuwa wamepungua mno kwa vifo na maradhi, hata hawakutosha kuziendesha meli zote. Wakaiteketeza São Rafael kwa moto papo hapo.

Hapo ndipo tulipozama katika fikra. Mgeni aliyepita kwa siku chache alituachia habari za utamu wa machungwa ya Mtang'ata. Lakini waliosali hapa vizazi kwa vizazi, nani alikuwa imamu wao, nani aliyetoa wakfu kiwanja hiki, nani aliwasomesha watoto Qur'ani? Maandishi yao hayakutufikia.

Tusiwalaumu, maana aibu hiyo tunayo wenyewe. Msikiti wetu umesimama juu ya ardhi ya wakfu, na kila mtu mtaani alilijua hilo maadamu mzee aliyeshuhudia alikuwa hai. Alipofariki, mmoja wa majirani akadai sehemu ya kiwanja. Sisi wanakamati tulipekua jalada zima, tukakuta risiti za maji na orodha za michango ya futari. Hati ya wakfu haikuwamo, wala majina ya mashahidi. Mzozo huo haujesha hadi leo.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imetuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la watu wawili lastahiki kalamu, mali iliyotolewa kwa ajili ya Allah yastahiki zaidi.

Tangu turejee, tumefungua daftari. Kila Ijumaa baada ya Swala ya Alasiri tunamtembelea mzee mmoja, tunaandika anayoyakumbuka, naye anatia saini au dole gumba mbele ya mashahidi wawili. Tunawanasihi ndugu zetu wa misikiti mingine wafanye hivyo kabla hawajachelewa kama tulivyochelewa sisi.

Mawe ya Tongoni yamedumu kuliko majina ya walioyajenga. Allah anawajua wote, na malipo yao yako Kwake. Awarehemu, na atuwezeshe kuzitunza amana tulizoachiwa. Amin.