Timazi chini ya gari

Ufundi nilijifunzia Unga Limited, Arusha, kwa mzee mmoja ambaye hakugusa Land Rover wala Land Cruiser ya zamani kabla ya kuingia uvunguni na pima maji. Vijana tulimcheka. Gari likitetemeka, sisi mbio kwenye matairi. Yeye anataka kujua propela imekaaje.

Krosi, yaani kiungo cha ncha ya propela, ikipinda, shafti hiyo haizunguki kwa mwendo mmoja: kila mzunguko huharakisha mara mbili na kuzubaa mara mbili. Kwenye nyuzi 10 tofauti haifiki asilimia 2. Kwenye nyuzi 30 inapita 13, na hapo hata chai mkononi haikai. Dawa ni krosi ya pili: ikipinda kwa pembe ileile, na uma za ncha zote mbili zikikaa mstari mmoja, inafuta fujo ya ile ya kwanza. Kwa hiyo mzee hakuchomoa shafti kwenye meno yake bila kutia alama ya patasi. Ukiirudisha jino moja kombo, utabadilisha krosi mpaka mteja akukimbie.

Ekseli ya nyuma ni rahisi. Tulishusha timazi kutoka kwenye chesesi, tukachora chaki sakafuni, tukapima kulia na kushoto. Mara nyingi sentabolti ya springi imekatika, ekseli imerudi nyuma upande mmoja, gari linakwenda upande kama kaa.

Ugomvi uko mbele. "Fundi, niinulie gari," wananiambia wenye Land Cruiser FJ40, na shakali ndefu, vile vishikizo vya ncha ya springi kwenye chesesi, wameshanunua. Shakali hupandisha gari nusu tu ya urefu ulioongezwa, lakini hilo ni dogo. Kwenye FJ40 shakali za mbele ziko ncha ya mbele ya springi; ukizirefusha, ekseli inainama mbele, kingipini zinapoteza mlalo wake wa kwenda nyuma, na usukani haurudi wenyewe ukitoka kwenye kona. Barabarani gari linatangatanga. Basi fundi anachomeka kabari kati ya springi na ekseli, usukani unatulia, mteja analipa na kuondoka. Kabari hiyohiyo imeinamisha pua ya difu chini, krosi ya mbele imepinda zaidi. Habu za magurudumu ya mbele zikiwa wazi hasikii kitu, maana shafti ya mbele imelala. Siku atakayozifunga kwenye tope ndipo atakaposikia mngurumo, na atasema difu imekufa.

Mimi kabari za mbele siweki. Kazi halali ni kukata welding ya vichwa vya ekseli, kuvizungusha, kisha kuvichomea upya, kingipini zipate mlalo wake bila kuigusa difu. Inataka jigi, na mchomeaji ninayemwamini. Nikitaja bei, wengi huomba niwarudishie shakali fupi.