Shimo la Matofali

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo niliikariri tangu shule ya msingi, nikaitumia katika insha nyingi na kupata alama nzuri pasipo kuielewa. Aliyenifunza maana yake hakuwa mwalimu, bali shimo lililokuwa hatua thelathini kutoka mlango wa jikoni kwetu.

Asili yetu ni Runyenjes, upande wa juu wa Embu, kunakostawi chai na kahawa. Kule baridi hushuka kutoka Mlima Kenya, nayo huvizuia vijidudu vya malaria kukomaa mwilini mwa mbu. Kwetu sisi, mbu alikuwa kero ya sikio tu. Mapema mwaka 2019 baba aliuza kipande chake cha shamba, tukateremka hadi Mbeere, karibu na Kiritiri, ambako ardhi ni ya bei nafuu na jua halina huruma. Aliazimia kutujengea nyumba ya matofali. Tulichimba udongo, tukafyatua matofali, tukayachoma. Kufikia Septemba nyumba ilisimama imara. Shimo likabaki wazi.

Mvua za vuli za mwaka huo zilinyesha kupita kiasi. Shimo likajaa pomoni. Mama alishukuru, kwani maji ya kunyweshea mbuzi yalikuwa yamemfuata nyumbani. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa na umri wa miaka minne, alikaa ukingoni akisukuma mashua za majani makavu.

Mwezi wa Desemba alishikwa na homa. Tulidhani ni mafua. Usiku wa tatu alianza kuweweseka, asimtambue hata mama. Baba alimpakata kwenye pikipiki hadi kituo cha afya, damu ikapimwa, ikabainika kuwa ni malaria kali. Alilazwa kwa siku tano. Mama alililaumu bwawa la Kamburu. Bwawa hilo lilikuwako tangu mwaka 1974, na kulilaumu hakukutugharimu chochote.

Mtoto aliporudi, afisa wa afya ya umma alitutembelea. Alichota maji ya shimo kwa kikombe cheupe, akamwonyesha mama.

"Tazama, mama. Viluwiluwi hawa wamelala sambamba na uso wa maji. Ndio anofelesi, mbu wa malaria. Wale wa aina nyingine huning'inia vichwa chini. Yai likitagwa leo, baada ya siku kumi hivi mbu anaruka. Naye hupenda kidimbwi kitulivu kinachopigwa na jua, kama hiki chenu."

Baba alinyamaza. Kila tofali la nyumba iliyotusitiri lilitoka mle. Hatimaye akasema, "Tutalifukia."

"Na mbuzi watakunywa nini?" mama akauliza.

Swali hilo halikuwa la ubishi. Mto ulikuwa mbali, na mgongo wa kubeba maji ulikuwa wake. Kwa hiyo baba aliuza mbuzi wawili, akanunua mtungi mkubwa wa plastiki wenye kifuniko cha kukaza ili kukinga maji ya paa. Kisha sote tukashika majembe na toroli. Kazi ilichukua wiki tatu. Tulisawazisha pia nyayo za ng'ombe zilizotuamisha maji njiani, na kila kitanda kikapata chandarua chenye dawa.

Sidai kwamba tumeifukuza malaria Mbeere. Mbu wa jirani hajui mpaka, na chandarua bado hushushwa kila jioni. Lakini dada yangu sasa anasoma shule ya msingi, na mahali palipokuwa na shimo pameota migomba.

Msomaji mpenzi, mvua ikikatika, usianze kwa kulitazama bwawa lililo mbali. Zunguka kwanza uani mwako. Huenda kinachokula watoto wako ulikichimba kwa jembe lako mwenyewe, tena kwa nia njema.