Tulisema paneli ni mbovu

 Wengi mmetuuliza kwa nini siku hizi chumba chetu cha kusomea hapa Kakuma kina taa hadi saa tano usiku, wakati zamani saa mbili tu giza. Tumekuwa tukijibu "tuliongeza sola" na kunyamaza. Leo tunasema yote.

Tulianza na paneli moja ya wati 100 juu ya mabati, betri moja ya ampea 100 na kontrola ndogo. Taa nne, na simu kama ishirini kwa siku, shilingi 20 kila simu. Ilitosha. Halafu watahiniwa wa kidato cha nne wakaanza kuja usiku, simu zikaongezeka, na kila jioni kontrola ikawa inalia piii, kisha kila kitu kinazima.

Ndugu yetu mmoja alipopata safari ya Kanada alituachia paneli yake ya wati 250. Mama yake bado yuko hapa, kesi yake inasubiri. Alikuwa anakuja kwetu kila siku kuchaji, maana bila simu hamwoni mtoto wake.

Jumamosi moja tukapanda juu. Mmoja wetu alikuwa ameona video inayosema ukiunga paneli kwa mfululizo, yaani plasi ya hii kwa mainasi ya ile, umeme haupotei sana kwenye waya mrefu. Hiyo ni kweli. Ila volti zinajumlishwa. Ndogo yetu bila mzigo inatoa volti 22, kubwa 37. Jumla 59, na kontrola ilikuwa imeandikwa mwisho 50. Maandishi yalikuwepo, hatukuyasoma. Ilitoa harufu, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Watu wakaja na simu zao mkononi, wakakuta giza. Walikuwa wameshalipa wiki nzima. Na sisi tukasema: ile paneli tuliyoachiwa ni mbovu, ndiyo imeunguza mashine. Hatukukaa chini kupanga uongo huo. Mmoja alisema, wengine tukaitikia kwa kichwa. Maneno yakatembea bloku kwa bloku yakiongezwa chumvi, mwishowe ikawa eti kijana aliwauzia wenzake takataka kabla ya kupanda ndege. Kuuza! Alitupa bure. Mama yake akaacha kuja.

Tulimwita Papa mmoja ambaye ni fundi wa redio tangu huko kwetu Kongo. Aligeuza paneli, akatufanya tusome kibandiko cha nyuma kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Ndogo: volti 18, ampea 5.5 ikifanya kazi. Kubwa: volti 30, ampea 8.3. Akatuambia hata kama kontrola isingeungua, kwenye mfululizo kubwa ingetembea kwa mwendo wa ndogo, kama watu kwenye njia nyembamba: wa mbele akiwa mzito, wote wazito. Halafu akapima paneli kwa mita. "Hii ni nzima," alisema. "Wagonjwa ni nyinyi."

Jioni hiyo tukaenda kwa yule mama, wanne. Tulikuwa tumejiandaa kusema mengi, tukasema machache. Alisikiliza akiendelea kuchambua maharage. Kisha akatuambia, "Mimi nisameheni au nisisamehe, si kitu. Huko bombani mlikoyasema, mkayaseme tena." Tukaenda bombani asubuhi, na foleni nzima ikatusikia. Wengine walicheka, wengine waliudhika kwa ajili ya pesa zao, na walikuwa na haki.

Kazi ya sola yenyewe iliendelea polepole. Tulinunua kontrola nyingine ya bei nafuu, tukaunga sambamba: plasi na plasi, mainasi na mainasi. Saa sita mchana tukapata ampea 13 hivi kwa volti 13 za betri, yaani wati 170. Paneli zinasema 350! Papa akaeleza kwamba kontrola ya PWM ni kama mlango tu: inapitisha ampea, na paneli inashushwa hadi volti za betri. Kwa paneli ya volti 18 hasara ni ndogo. Kwa ile ya 30, zaidi ya nusu inapotea. Ongeza na joto la hapa Turkana. Wati za kibandiko zilipimwa paneli ikiwa nyuzi 25, na juu ya mabati yetu mchana huwezi kuweka mkono. Tukaziinua kwa mbao ili upepo upite chini.

Kubwa ilihitaji MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Duka moja lilituuzia iliyoandikwa MPPT. Papa aliipima mkononi, akasema ni nyepesi mno, haina koili. Tukaifungua: PWM yenye kibandiko kizuri. Tulikusanya shilingi 20 upya kwa miezi miwili.

Sasa kila paneli ina kontrola yake na fyuzi yake, zote zinaingia betri moja. Mchana mzuri tunafika ampea 20, na betri yetu haitaki zaidi ya hapo.

Na nyinyi mnaofanya kazi na mashirika, tunawaomba jambo moja: mradi unapofungwa na mnataka kutuachia paneli, tutumieni kwanza picha ya nyuma yake. Ya mbele zote zinafanana.

Yule mama amerudi. Tulimwambia kwetu asilipe tena. Kila siku anaweka shilingi 20 mezani, anasubiri tuandike kwenye daftari, ndipo anatoa simu. Mtoto wake bado hajajibu ujumbe wetu.