Mpala na Sisi Tuliolelewa Bwenini

Atokaye Moba na kufuata ufuko wa ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini hufika Mpala, pale mto Lufuko unapoingia ziwani. Kapteni Storms alikijenga kituo hicho mwaka 1883. Mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Sisi tuliolelewa bwenini hatupiti hapo kimya, kwa maana katika seminari ya Mpala alisoma Stefano Kaoze, mzalendo wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji kupewa upadri, mwaka 1917.

Bweni lilitupa nini? Lilitulaza chini ya paa moja na wana wa makabila tusiyoyajua. Tuligawana ugali, jembe na taa, na Kiswahili kikawa lugha ya urafiki wetu. Hata leo, mmoja wetu akifiwa, wenzake wa bwenini hufika kama ndugu wa tumbo moja.

Lakini bweni lilitudai pia. Shuleni kwetu, aliyesema lugha ya mama yake aliadhibiwa. Jioni, wadogo zetu walipoketi na babu penye moto, sisi tulikuwa mbali. Hadithi zile wanazo wao. Sisi twaziomba kwao.

Kaoze alilipa deni hilo. Tangu mwaka 1910 alichapisha, kwa Kifaransa, maandishi juu ya fikira za watu wake. Kalamu aliyopewa mbali na kwao aliitumia kwa ajili ya kwao.

Basi, wazazi, likizo ifikapo msiwaachie watoto vitabu tu. Waketisheni karibu na babu na bibi, wasikilize.